Kitindamimba wetu amechaguliwa kikaoni atoe figo: je, ana nafasi ya kukataa?

Kifunguamimba (Tanga) ameuliza:

Wanajukwaa, habari zenu. Ninaleta jambo la nyumbani kwetu ambalo wakubwa wanaona limekwisha, na mimi naona halijaanza hata kujadiliwa.

Mdogo wangu mwenye umri wa miaka 34 figo zake zote mbili zimeshindwa kufanya kazi, kutokana na presha iliyokaa muda mrefu bila kutibiwa. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na kazi yake ya ufundi umeme imesimama kabisa. Madaktari wamesema anafaa kupandikizwa figo iwapo atapatikana ndugu wa kumpa. Mimi nina kisukari, na nimeambiwa tangu hatua ya kwanza kwamba sifai. Dada anayenifuata ana presha. Mdogo wetu mwingine yuko Muscat kikazi, naye ametuma ujumbe kwamba mkataba wake haumruhusu kuondoka. Amebaki kitindamimba, binti wa miaka 23, ambaye amechumbiwa na anatarajiwa kuolewa baada ya mavuno.

Baba yetu alikwisha kufariki, kwa hiyo kikao kiliongozwa na baba mkubwa. Mama alikuwa jikoni akiwapikia wageni. Baba mkubwa alisema damu ni nzito kuliko maji, kwamba binti ni mzima na kijana, na kwamba Mungu hakumpa mtu figo mbili bure. Binti alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, akizungusha ncha ya kanga kwenye kidole. Alipoulizwa alijibu, "Nitafanya mtakavyoamua wakubwa." Ikasomwa dua, tukala, watu wakaondoka.

Tangu siku hiyo sina raha. Nampenda mdogo wangu mgonjwa, na kila nikimwona anavyorudi kutoka kusafishwa damu, amechoka hata hawezi kupanda ngazi, natamani jambo hili liishe hata leo. Lakini jibu la yule binti, je, ndiyo ridhaa yenyewe? Na kama moyoni hataki, atakataaje bila kuonekana amemuua kaka yake? Zaidi ya hayo, baba mkubwa ameahidi kwamba akishatoa figo ataandikiwa kiwanja cha familia kilichoko Pongwe kama shukrani. Wengine wameliona jambo hilo kuwa la haki kabisa. Mimi limenikaa vibaya, ingawa sijaweza kueleza kwa nini. Naomba wenye ujuzi wa hospitali, wa sheria na wa dini wanisaidie.

Muuguzi wa Zamu (Dar es Salaam) amejibu:

Kaka, pole sana kwa maradhi ya mdogo wako. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kusafishia damu, kwa hiyo nitajibu kwa yale ninayoyaona.

Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kumtoa mtu figo. Kinaweza kupanga nani atachangia nauli, nani atalala hospitalini na mgonjwa na nani atauza ng'ombe, lakini fomu ya ridhaa inasainiwa na mwenye mwili, naye anaweza kuifuta wakati wowote, hata akiwa amekwisha kulazwa na kuzuiwa kula kwa ajili ya upasuaji wa kesho yake asubuhi. Mtoaji ni mtu mzima wa afya ambaye daktari anampasua bila yeye kufaidika chochote mwilini. Kinachoupa upasuaji huo uhalali ni hiari yake. Hiari ikikosekana, kilichobaki ni jeraha.

Kwa sababu hiyo, kabla ya vipimo vikubwa mtoaji anapaswa kuzungumza faragha na mtu asiye katika kundi linalomtibu mgonjwa. Uingereza wameliweka jambo hili kisheria: kila anayetoa kiungo akiwa hai huhojiwa na mtathmini huru, peke yake na pia akiwa na mpokeaji, ili ijulikane kama ameshinikizwa au ameahidiwa kitu. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, omba mazungumzo hayo yafanyike, na wewe mwenyewe usiwemo chumbani. Katika uzoefu wangu anayetaka kutoa huuliza maswali mengi: kovu litakuwa wapi, atarudi lini kazini, figo iliyobaki itatosha? Aliyesukumwa haulizi kitu. Ukimuuliza anataka nini, atakujibu walivyosema wengine.

Akisema hataki, wauguzi na madaktari huwaambia ndugu kwamba hatutaendelea naye kama mtoaji, na maelezo huishia hapo. Majibu ya mtoaji ni siri yake, kama yalivyo majibu ya mgonjwa mwingine yeyote, kwa hiyo hakuna ndugu mwenye haki ya kudai sababu. Huo ndio mlango wa kutokea unaouliza, na ni mlango halali.

Sasa kuhusu hatari zenyewe, kwa sababu naona kikaoni hakuna aliyezitaja. Kifo kwa mtoaji ni nadra: takwimu za Marekani za mwaka 1994 hadi 2009 zilionyesha takriban watoaji 3 katika kila 10,000 walifariki ndani ya siku 90 za upasuaji. Utafiti mkubwa wa huko uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba katika watoaji 10,000, takriban 90 watapata figo kushindwa kabisa kabla ya mwisho wa maisha yao, wakati kwa watu wenye afya kama wao ambao hawakutoa idadi ni kama 14. Hatari ni ndogo, lakini ipo, na kwa mtu wa miaka 23 ina maana yake ya pekee, kwa sababu presha na kisukari vya ukoo wenu huenda bado havijajitokeza kwake. Yupo kaka mwenye kisukari, yupo dada mwenye presha, na mgonjwa mwenyewe ameharibiwa figo na presha. Hapo daktari makini atasita. Tena ni binti ambaye hajazaa. Utafiti wa Canada wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba presha ya ujauzito au hali inayotangulia kifafa cha mimba iliwapata asilimia 11 ya waja wazito waliowahi kutoa figo, dhidi ya asilimia 5 ya wenzao. Wengi hujifungua salama, lakini ni yeye anayepaswa kuambiwa hayo, tena kwa lugha anayoielewa, kabla ya mtu mwingine kumsemea.

Na swali moja kwako, kaka: mama ana umri gani, na kwa nini hakuna aliyemuuliza? Umri wa miaka hamsini na kitu peke yake haumzuii mtu kutoa figo kama vipimo vyake ni vizuri. Nimeona mara nyingi familia ikimchagua mwenye sauti ndogo kuliko wote, na katika nchi nyingi wanawake ndio wengi miongoni mwa wanaotoa figo wakiwa hai, wakati wanaume ndio wengi miongoni mwa wanaopokea.

Figo Moja (Kisarawe) amejibu:

Mimi nilimpa dada yangu figo, na ningempa tena leo kama ningekuwa nayo ya kutoa. Tulikwenda India, kwa sababu wakati huo Muhimbili walikuwa hawajaanza. Wao walipandikiza kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Kwa hiyo jambo moja limekuwa jepesi kwenu kuliko lilivyokuwa kwetu: mnaweza kutibiwa nchini, na mtoaji akapona akiwa karibu na watu wake.

Nataka nieleze yale ambayo hayamo kwenye fomu. Upasuaji wa matundu madogo unasifiwa, na ni kweli kidonda ni kidogo, lakini hewa wanayoijaza tumboni iliniacha na maumivu ya bega ambayo sikuyatarajia, na kila nilipokohoa ilinibidi niukumbatie mto tumboni kwa nguvu. Hayo yalipita. Kilichodumu ni namna ndugu walivyokuja kumwona mgonjwa wakapita kitandani kwangu kana kwamba mimi ni msindikizaji tu. Mtoaji huingia mzima hospitalini na kutoka na jeraha, na nyumbani wote wanamtazama yule aliyeingia mgonjwa akatoka na nafuu.

Tena kuna deni. Dada yangu na mimi tulizoea kubishana tangu utoto; baada ya upasuaji, nikimkosoa kidogo tu kuhusu malezi ya watoto wake, alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi. Ilituchukua muda mrefu kurudi kubishana kama zamani. Hiyo ni hali ya mtu aliyepewa kwa moyo mkunjufu. Fikiria ingekuwaje kama ningetoa kwa kulazimishwa, kisha kila sikukuu nikamwona mezani akiwa na afya, na mimi nina kinyongo.

Kuna mahali ambapo sikubaliani na Muuguzi. Ule mlango wa kutokea kimyakimya unamwokoa binti leo, lakini unamwacha baba mkubwa akiamini kwamba ukoo unaweza kuamuru na kwamba safari hii ni vipimo tu vilivyokataa. Kesho itakuwa zamu ya mwingine. Mimi ningependa mtu mmoja, na naona ni wewe kaka mkubwa, asimame kikaoni aseme wazi kwamba kukataa kunaruhusiwa.

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Ndugu Figo Moja, nakubaliana nawe kwamba ukoo unapaswa kuambiwa. Lakini wa kubeba hasira za ukoo asiwe binti wa miaka 23 anayesubiri mahari yake ipokewe na baba mkubwa huyo huyo. Kaka aseme kikaoni kanuni ya jumla, kwamba yeyote ana haki ya kukataa. Jibu la binti libaki kwenye faili lake.

Maalim wa Chuoni (Unguja) amejibu:

Assalamu alaykum. Nitajibu upande wa dini kwa kadiri nilivyosoma, na wenzetu Wakristo wataongeza ya kwao.

Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia liliruhusu utoaji wa viungo mwaka 1982, na Baraza la Fiqhi (sheria ya Kiislamu) la nchi za Kiislamu lilipokutana Jidda mwaka 1988 lilipitisha azimio linaloruhusu kutoa kiungo cha aliye hai kwa masharti: kisiwe kiungo ambacho maisha hayawezekani bila hicho, mtoaji awe na akili timamu na uwezo kamili wa kuamua, na kiungo kisiuzwe. Kwa hiyo anayesema dini inakataza kabisa, wanazuoni wengi wa zama hizi hawako naye. Lakini ruhusa si amri. Hakuna katika maazimio hayo yanayomfanya ndugu kuwa na wajibu wa kukatwa mwili kwa ajili ya ndugu yake, wala yanayompa walii, yaani msimamizi wa binti, mamlaka hayo. Kutoa ni ihsani, na ihsani ya kulazimishwa haipo. Maneno ya baba mkubwa kwamba Mungu hakumpa mtu figo mbili bure yanafaa kumshawishi mtu kuhusu figo yake mwenyewe.

Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II alihutubia wataalamu wa upandikizaji jijini Roma mwezi Agosti mwaka 2000, akasifu utoaji wa viungo kuwa tendo la upendo, na akasisitiza kwamba mtoaji aelezwe kikamilifu na aamue kwa uhuru, na kwamba mwili wa mtu haufanyiwi biashara. Katika jambo hili tunakutana.

Kuhusu kiwanja, azimio la Jidda lilikataza uuzaji, ila malipo anayoyatoa mhitaji kwa dharura, au anayoyatoa kama tuzo na heshima, liliyaacha kuwa suala la kufanyiwa ijtihadi, yaani wanazuoni walitafakari na kulitolea hukumu. Maoni yangu mimi ni kwamba zawadi isiyotajwa kabla, ikatolewa baadaye kwa hiari, haina ubaya.

Wakili wa Pwani (Mombasa) amejibu:

Namheshimu Maalim, ila kwenu kiwanja kimekwisha kutajwa, tena mbele ya mashahidi, na kwa sharti la "akishatoa". Huko ni kuahidi malipo kwa kiungo, hata kama mnaoahidiana ni ndugu wa damu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 na sheria ya Uganda ya mwaka 2023 ya utoaji na upandikizaji wa viungo zinakataza biashara ya viungo, na mwelekeo huo unalingana na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 na Azimio la Istanbul la mwaka 2008, la wataalamu wanaopinga biashara ya viungo. Yanayokubalika ni kumrudishia mtoaji gharama halisi: nauli, vipimo, malazi, mshahara alioukosa akiwa anauguza jeraha, na matibabu yake baadaye. Mkitaka kumtendea binti haki, wekeni fungu la hayo sasa, lijulikane, na lisitegemee kama figo imetolewa au vipimo vimekataa. Kiwanja kiondoeni mezani kabisa. Kama ni haki yake ya urithi, apewe kwa sababu ni mtoto wa marehemu, awe na figo mbili au moja.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeliona jambo hili likikua hapa kwetu. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja mjini Eldoret na kuunda kamati ya uchunguzi, baada ya waandishi wa habari kufichua madai kwamba vijana maskini walikuwa wakiuza figo zao kwa wageni. Kauli ya kwamba muuzaji na mnunuzi wote wanafaidika huvutia, mpaka umfuatilie muuzaji. Watafiti walifanya hivyo Chennai, India, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2002: katika watu 305 waliouza figo, asilimia 96 waliuza ili kulipa madeni, na walipohojiwa, kwa wastani miaka sita baada ya kuuza, karibu robo tatu bado walikuwa na madeni, na asilimia 79 walisema wasingemshauri mtu mwingine auze. Kwa hiyo kama kuna mtu katika familia anayenong'ona kwamba kuna wakala wa kuwatafutia figo ya kununua, mkateni kauli mapema.

Jambo lingine liko nje ya uwezo wenu, lakini lazima litajwe. Shinikizo hili lote linamwangukia binti kwa sababu huku kwetu figo zinazopandikizwa hutoka kwa ndugu walio hai. Hispania, ambayo iliunda shirika lake la taifa la upandikizaji mwaka 1989, wagonjwa wengi hupata figo za watu waliokwisha kufariki, kwa sababu kila hospitali kubwa ina daktari aliyepewa kazi ya kuzungumza na familia ya marehemu kwa heshima na kwa wakati unaofaa. Sheria yao inamhesabu kila mtu kuwa mtoaji isipokuwa amekataa, lakini kwa vitendo familia huulizwa daima. Kulifikia hilo kunahitaji sheria inayoeleza kifo cha ubongo (ubongo umekufa kabisa ingawa moyo bado unapiga kwa msaada wa mashine), vyumba vya wagonjwa mahututi na maabara zinazofanya kazi usiku kucha, na zaidi ya yote, imani ya wananchi kwamba daktari hatamwacha mgonjwa afe ili achukue figo yake. Imani hiyo ndiyo inayobomolewa kila skandali ya biashara ya figo inapotokea.

Kifunguamimba amejibu:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimezungumza na mama. Ana miaka 57, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba alikuwa akisubiri aulizwe. Anataka kupimwa. Kwa baba mkubwa nimekwenda na mjomba, na tumemweleza kuhusu kiwanja. Hakufurahi, lakini amekubali lisitajwe tena mpaka mirathi igawanywe kwa utaratibu. Kikao kingine kitakapokaa nitasema mbele ya wote kwamba yeyote anaweza kukataa. Binti nitampeleka kwa muuguzi na kumwacha azungumze naye peke yake, na sitamuuliza walizungumza nini.

Limebaki moja. Mdogo wangu mgonjwa anaamini kwamba figo ya dada yake imekwisha kupatikana, na ameanza kuhesabu miezi. Nimwambie nini?

Figo Moja amejibu:

Mwambie ukweli kwamba watoaji bado wanapimwa, kisha muulize kitu ambacho sidhani kama kuna aliyekwisha kumuuliza: yeye mwenyewe yuko tayari kupokea kutoka kwa nani? Mpokeaji naye ana haki ya kukataa. Mwaka 1954, huko Boston, kabla ya upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, mgonjwa, Richard Herrick, alimwandikia pacha wake Ronald usiku wa kuamkia upasuaji akimtaka aondoke hospitalini arudi nyumbani. Ronald alijibu kwamba yupo na atabaki. Richard akaishi miaka minane zaidi, na Ronald, kwa figo moja, akaishi hadi mwaka 2010. Naamini ile ruhusa ya kuondoka ndiyo iliyomfanya Ronald abaki kwa hiari yake. Mdogo wako akimwambia dada yake kwa mdomo wake kwamba hatamdai kitu, mzigo wa yule binti utapungua kuliko sisi sote tunavyoweza kuupunguza kwa maandishi.

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Naongeza ya kiutendaji. Anzeni na mama: kundi la damu, presha, sukari, mkojo na kipimo cha utendaji wa figo. Hayo yakiwa mazuri ndipo kije kipimo cha kuchanganya damu yake na ya mgonjwa, kuona kama mwili wa mgonjwa una kinga dhidi yake. Kijana wa Muscat naye aambiwe kwamba kundi la damu linaweza kupimwa huko huko, na aachwe aamue bila kusimangwa. Mgonjwa ajue pia kwamba figo ya ndugu aliye hai mara nyingi hufanya kazi miaka 15 hadi 20, si milele, na kwamba dawa za kuzuia mwili usiikatae atazimeza kila siku muda wote figo hiyo itakapokuwa ikifanya kazi. Ulizieni bima yenu kama inazilipia kabla ya kupanga tarehe yoyote. Wakati huo wote asikose hata siku moja ya kusafishwa damu.